Msindikizaji wa Watoto wa Mwadi

Euphrasie Nabintu alikuwa mtu ambaye watu walipenda kumwachia mambo yao. Katika nyumba ya wazee ya Etterbeek alikofanya kazi, bibi vikongwe walimwachia meno yao ya bandia, pete zao za ndoa, na habari ambazo hata watoto wao waliowazaa hawakuwahi kuzisikia. Kanisani, akina mama wa kwaya walimwachia watoto wachanga na simu zao. Alikuwa ametoka Bukavu wakati wa vita, hana mume wala mtoto, na tangu afike Brussels hakuna aliyewahi kumsikia akipeleka neno la mtu kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo mwaka 2008, bwana mmoja aitwaye Donat alipokuja parokiani baada ya misa kutafuta watu wa kujitolea, wanawake wa kwaya walimsukuma Euphrasie mbele kwa viwiko. Donat alikuwa mratibu wa shirika dogo. Alieleza kwamba kuna watoto ambao mahakama ya vijana imewatoa nyumbani kwao na kuwaweka katika familia za malezi. Watoto hao wanazungukwa na watu wengi wanaolipwa: mawakili, wahudumu wa jamii, wanasaikolojia. Shirika lake linampa kila mtoto mtu mmoja asiyelipwa, wa kumtembelea, kumsikiliza, kwenda naye mahakamani, na kumwambia jaji mtoto yuko vipi na anataka nini. Waliitwa wasindikizaji. Masharti yalikuwa machache. Msindikizaji hashiki kazi ya mzazi, hamchukui mtoto kwake, na halifichi jambo linalogusa usalama wa mtoto.

Euphrasie alikubali siku ileile.

Alipewa watoto wawili wa mama mmoja, kwa sababu mama yao alikuwa Mkongo wa Lubumbashi na Donat alifurahi kupata mtu atakayezungumza na mama huyo Kiswahili. Mkubwa alikuwa Keren, msichana wa miaka minane, mwembamba, mwenye tabia ya kumjibia mdogo wake kabla hajafungua kinywa. Mdogo alikuwa Noé, wa miaka mitatu. Mama yao, Mwadi, alikuwa akisafisha maofisi kule Schuman alfajiri, kabla wenye maofisi hawajafika. Baba wa watoto alikuwa ameondoka zamani. Mwadi alizoea kuwafungia watoto ndani wakiwa wamelala, akaenda kazini, akarudi kuwaamsha kwa shule. Siku moja Noé alilia mpaka jirani akapiga simu polisi. Ndivyo watoto walivyofika Auderghem, kwa Godelieve na mumewe Luc, watu wazima ambao watoto wao walikuwa wameshaoa, katika nyumba yenye bustani karibu na msitu.

Mwadi hakuwa mama mbaya. Euphrasie aliliona hilo tangu siku ya kwanza. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na kicheko kikubwa, na kila alipokuja kuwaona watoto katika ofisi ya huduma ya jamii alikuwa amebeba bukari, yaani ugali, ya moto ndani ya taulo, kwa sababu aliogopa kule Auderghem wanakula mkate tu. Alimwita Euphrasie *yaya*, yaani dada mkubwa, na watoto walimwita *tantine*, yaani shangazi.

"Yaya, weye unaenda kunisaidia," alimwambia. "Bazungu hawa banasikia maneno, habasikii muntu. Weye utasikia."

Miaka miwili ilipita hivyo, na mambo yalikuwa yakienda vizuri. Mwadi alipata nyumba nzuri zaidi katika Matonge, mtaa wa Wakongo nyuma ya Porte de Namur, akapaka chumba cha watoto rangi ya manjano kwa mkono wake. Jaji aliruhusu watoto waende kwake kila mwisho wa juma. Kikao kingine kilipangwa kabla ya Pasaka ya 2010, na wote walijua ni cha kuwarudisha nyumbani moja kwa moja.

Majuma machache kabla ya kikao hicho, Euphrasie aliona bandeji kwenye mkono wa Keren.

"Ni chai," Keren alisema.

Safari iliyofuata bandeji ilikuwa imetolewa na ngozi chini yake ilikuwa ya waridi, imekunjamana kutoka kifundo mpaka kwenye vidole. Euphrasie aliuliza tena. Godelieve alikuwa ameambiwa ni chai, na mwalimu ameambiwa ni chai.

"Nilishakuambia, tantine. Chai."

Mara ya tatu walikuwa msituni, mwisho wa barabara ya Godelieve, Noé akiwa mbele anapiga majani makavu kwa fimbo. Euphrasie alikuwa amewaosha wazee wengi walioungua na alijua maji ya moto yanavyomwagika juu ya ngozi. Akachuchumaa mbele ya msichana.

"Keren, hii haiko chai. Uniambie. Itabakia kati yetu, weye na mimi."

Neno hilo lilimtoka bila kufikiri. Ndilo alilozoea kuwaambia bibi zake wa Etterbeek, na kwa bibi hao lilikuwa kweli.

Keren alimwangalia Noé kwanza, kama yuko mbali ya kutosha. Kisha akasema haraka haraka, kwa sauti ya chini. Jumamosi na Jumapili mama anaendaka kazi asubui. Anafunga mlango, anaenda na ufunguo. Noé aliamka akasikia njaa, akawasha jiko la umeme, akaweka kitambaa juu. Kikashika moto. Keren alikichukua kwa mkono akakitupa ndani ya maji.

"Maman alilia sana," aliongeza. "Alisema tukisema, batatubakisha huku. Tantine, hautasema?"

"Hapana," alisema Euphrasie.

Alirudi nyumbani kwa tramu akiwa na neno hilo mdomoni kama mwiba wa samaki.

Hakutaka kumsaliti mtoto, wala hakutaka kumnyang'anya Mwadi watoto. Akaona njia iliyobaki ni kumfanya Mwadi aseme mwenyewe. Alimfuata nyumbani, Mwadi akampokea kwa furaha, akamkalisha, akamletea soda. Euphrasie alipotaja mkono wa Keren, Mwadi aliiweka chupa mezani na kicheko kikaisha.

"Mutoto amekuambia?"

"Nimeona mimi mwenyewe. Mimi najua moto."

Mwadi hakukana. Alikaa chini akashika kichwa.

"Alors nifanye nini, yaya? Chef ananipa week-end ao hanipe kazi kabisa. Nikibakia mu nyumba, kazi inaisha. Kazi ikiisha, juge anasema huyu mama hana kitu, batoto babakie kule. Nikienda kazi, banasema anaacha batoto. Nitoke wapi?"

"Muulize jirani. Muulize mama moja wa kanisa."

"Kanisa? Kesho yake habari yangu iko Matonge yote, na kesho kutwa iko kwa service." Kisha Mwadi akainua uso, na Euphrasie aliona wazo likimjia. "Kuya weye. Unaishi karibu. Samedi na dimanche, asubui tu, mpaka nirudie. Batoto banakupenda. Nani atakuwa muzuri kupita weye?"

Euphrasie alijibu kwamba masharti hayaruhusu, kwamba msindikizaji hashiki kazi ya mzazi. Lilikuwa neno la kweli, na alilisema kwa upole. Lakini alipokuwa akilisema alijua kuna kitu kingine chini yake. Juma zima alikuwa akiinua miili ya wazee, mgongo ulikuwa unamuuma, na asubuhi za mwisho wa juma ndizo pekee alizokuwa nazo za kulala. Hakutaka kuzitoa. Kama angetaka, angeweza kumpigia Donat na kumwomba ruhusa, na hata Donat akikataa, angeweza kwenda tu.

"Basi useme mwenyewe kwa juge," alimwambia Mwadi. "Ukisema weye, itakuwa tofauti."

"Nitasema," Mwadi alisema, akiangalia dirishani. "Nitasema, yaya."

Kabla ya kikao ulikuwa umebaki mwisho wa juma mmoja. Jumamosi ile Euphrasie aliamka mwenyewe kabla ya mapambazuko, bila kengele, kama mtu aliyeguswa bega. Alijua Mwadi yuko njiani kwenda Schuman. Alijua mlango umefungwa na ufunguo uko ndani ya mkoba wa Mwadi. Kutoka kitandani pake mpaka kwenye mlango ule palikuwa na mwendo mfupi wa miguu. Alivuta blanketi akageukia ukutani. Hakulala. Alikaa hivyo macho wazi mpaka jua likatoka na akahesabu kwamba sasa Mwadi amesharudi.

Siku ile watoto hawakupatwa na lolote.

Mahakamani Mwadi alivaa gauni la bluu la kitenge na viatu vipya. Alizungumza vizuri. Alieleza habari ya chumba cha manjano, ya shule aliyoipata karibu, ya mkataba wake wa kazi. Jaji, mama mmoja mwenye miwani na uso wa uchovu, alimuuliza nani anawaangalia watoto akiwa kazini. Mwadi akasema kuna dada mmoja wa kanisa anakuja.

Ndipo jaji akamgeukia Euphrasie na kumuuliza kama ana neno la kuongeza.

Alikuwa nalo. Alisimama akasema kwamba hakuna dada anayekuja. Akasema habari ya mlango, ya ufunguo, ya kitambaa na ya mkono wa Keren. Alisema yote kwa Kifaransa kilichonyooka, kisha akaketi. Mwadi hakupiga kelele. Alimtazama tu, mdomo wazi kidogo.

Jaji alisimamisha safari za mwisho wa juma. Watoto wangebaki Auderghem, na Mwadi angewaona ofisini, mbele ya mhudumu wa jamii, kama mwanzo.

Nje ya chumba, katika korido, Euphrasie alimkimbilia.

"Mwadi, nilikuomba useme weye..."

"Mimi nilikuomba nini?" Mwadi aliuliza. Hakupandisha sauti. "Nilikuomba mikono, Madame. Ulileta mudomo."

Ndivyo alivyoanza kumwita Madame, kama alivyomwita jaji.

Keren hakuwa na umri wa kuingia katika kikao, lakini mtoto hafichwi kitu kikubwa namna hiyo. Euphrasie alipokwenda Auderghem, Godelieve alimfungulia mlango akiwa na aibu. Alisema Keren yuko juu, hataki kushuka. Euphrasie alipanda ngazi akagonga.

"Ulisema hapana," sauti ilijibu kutoka ndani. "Nilikuuliza, ulisema hapana."

Alisimama pale mlangoni mpaka miguu ikachoka. Msichana alikuwa amesema kweli.

Donat alimwambia amefanya kazi yake sawasawa. Alisema mara kadhaa, akimmiminia kahawa, kwamba nyumba ingeweza kuungua na watoto ndani. Euphrasie aliitikia. Alijua hilo pia. Angeulizwa tena na jaji yule angejibu vilevile. Lakini kila Donat alipomsifu, alikumbuka blanketi na ukuta. Hakumwambia Donat habari ile. Hakumwambia hata padri, ingawa alikwenda kuungama mara mbili akiwa ameikusudia. Mara zote mbili aliungama vitu vingine.

Kanisani habari zilifika hata hivyo. Wanawake wa kwaya hawakumtukana, ila waliacha kumwachia watoto wao, na mazungumzo yalikatika alipokaribia. Yeye aliona ni haki.

Aliendelea na kazi ya msindikizaji kwa sababu kuacha kungekuwa kukimbia. Noé alicheza naye kama kawaida. Keren alikaa mbali na kitabu na kujibu *oui* na *non*, ndiyo na hapana, basi. Miezi ikawa miaka. Kiswahili cha Noé kilimwishia taratibu, neno moja baada ya jingine. Mwanzoni alisahau majina ya vyakula, kisha majina ya viungo vya mwili. Siku moja Godelieve alipokuwa akimfunga kamba za viatu, alimwita maman, naye Godelieve akainama zaidi juu ya kiatu ili Euphrasie asimwone uso.

Mwaka 2012 mahakama iliruhusu tena watoto waende kwa Mwadi, Jumamosi na Jumapili, kwa sharti kwamba awepo mtu mzima wakati wote. Mwadi alikuwa bado na kazi ileile. Euphrasie aliposikia hayo alimwendea Donat na kumrudishia kitambulisho chake cha shirika.

"Unachoka?" Donat aliuliza.

"Hapana. Ninataka kuwa muntu wa kawaida."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja nyuma ya Porte de Namur. Mwadi alifungua mlango akabaki ameushika, hakumkaribisha.

"Madame."

"Nimeacha kazi ya mahakama," alisema Euphrasie. "Siko tena wa masharti. Nimekuja juu ya samedi na dimanche."

"Sasa?" Mwadi alisema. "Sasa ndiyo unakuja?"

"Ile samedi ya mwisho, mbele ya kikao, nilikuwa macho." Maneno yalimtoka kwa shida, akiangalia mlango na si uso wa Mwadi. "Nilijua batoto beko peke yao. Nilijua mpaka saa. Masharti haikuwa kitu. Nilibakia mu kitanda juu nilikuwa nachoka. Kisha nikaenda kusema weye ndiye uliwaacha."

Chini, mtaani, mtu alikuwa akishusha makreti ya soda kutoka kwenye gari, na chupa zilikuwa zikigongana. Euphrasie alingoja atukanwe, na angefurahi kutukanwa.

"Mimi natokaka hapa mbele ya metro ya kwanza," Mwadi alisema mwishowe. "Usichelewe. Na viatu unavulia inje."

Alikuja Jumamosi iliyofuata, na zilizofuata baada yake. Mwadi alimwachia ufunguo mezani bila kumsalimia. Euphrasie alikaa jikoni gizani, koti likiwa bado begani, akisikiliza watoto wakipumua katika chumba cha manjano. Walipoamka aliwapikia uji. Keren, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, siku ya kwanza alimwona jikoni akarudi kitandani. Siku ya pili alikula bila kusema. Miezi mingi baadaye, akiwa anaosha sahani yake, alizungumza akiwa amempa mgongo.

"Uliniuliza mara tatu. Mara mbili nilikatala."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa naogopa ule moto, tantine. Nilikuwa naogopa kila samedi. Ila nilitaka niseme siku yangu." Alifunga bomba. "Kama ungeniambia mbele utasema, labda ningesema tu."

Euphrasie alitaka kumwomba msamaha. Kisha akaona kwamba akiomba, msichana atalazimika kumjibu, na atakuwa amemuuliza swali la nne. Akachukua kitambaa akafuta sahani.

Keren alirudi nyumbani kwa mama yake mwaka 2014. Mwadi alikuwa amepata kazi ya mchana katika kantini ya shule, na wala hakumhitaji tena Euphrasie asubuhi. Hakumwambia asije. Euphrasie aliendelea kuja, baadaye kidogo, saa za kumenya viazi, na wanawake hao wawili walimenya wakizungumzia bei ya sombe, majani ya muhogo, na magonjwa ya watu wengine.

Noé hakurudi. Kila mwaka alisema anataka kubaki shuleni kwake, karibu na rafiki zake na mbwa wa Luc. Kila mwaka wakubwa walisema bado ni mdogo, tungoje. Mwaka 2017 alitimiza miaka kumi na miwili, umri ambao jaji anamwita mtoto na kumsikiliza mwenyewe. Aliingia peke yake. Mwadi, Keren, Godelieve na Euphrasie walingoja kwenye benchi moja katika korido ileile. Euphrasie hakuwa na cheo chochote siku ile. Keren ndiye aliyemwomba aje.

Noé alipotoka, wakili wake aliwaeleza kwa sauti ya chini. Mtoto anaomba kubaki Auderghem na kuja kwa mama kila mwisho wa juma. Alikuwa amelia kidogo, wakili alisema, akihofia kumuumiza mama yake.

Godelieve alianza kulia. Mwadi hakulia. Alimvuta mtoto wake karibu, akamnyoosha kola ya shati. Noé alikuwa mrefu sasa, karibu kumfikia mama yake bega. Labda kwa sababu moyo wake ulitangulia mawazo yake, Mwadi hakumwuliza kwa Kifaransa kama alivyozoea. Alimwuliza kwa lugha aliyomzalia:

"Uliogopa mule ndani, mutoto yangu?"

Noé alimtazama mama yake, kisha akamgeukia dada yake, akingoja. Keren akamtafsiria.

"*Non, maman*," Noé alisema. "*Un peu*," kidogo tu.

Euphrasie alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka kwao, akasikia yote. Alifikiri: Jumamosi ile mtoto huyu alikuwa na miaka mitano, na alikuwa anakijua Kiswahili chote. Hakuthubutu kuinua macho. Mwadi alimbusu mtoto wake, akamkabidhi Godelieve mkono wa mtoto, na wale wawili wakatelemka kwenda kwenye metro ya Auderghem, Noé akigeuka mara kwa mara kupunga.

Mwadi alibaki amesimama akiangalia ngazi. Kisha akasema, bila kumgeukia mtu, "Ungekuya wakati ule, asingenisahau sauti."

"Ndiyo," alisema Euphrasie.

Keren alisimama katikati yao, akiwaangalia kwa zamu, akiwa na uso wa mtu mzima ambao hakupaswa kuwa nao. Nje mvua ilikuwa imeanza. Mwadi alifungua mwavuli wake, akatangulia kuelekea Porte de Namur kwa miguu, mwendo wa haraka, na binti yake akamfuata. Walipofika kwenye taa za barabarani walisimama kungoja magari yapite. Euphrasie aliharakisha, akasimama nyuma yao kidogo, mvuani, mpaka taa zikawaruhusu kuvuka.